Nukta za Ijumaa

Honi ya njano ililia Ijumaa saa saba na dakika nne, na kabla haijanyamaza nilikwisha kujua kwamba inadanganya. Sisemi hivi kwa kujisifu. Kujisifu nakujua, na siku nyingine nitajisifu bila kuombwa, lakini hapa nasema ukweli mtupu: nimechora mikunjo ya Ukuta wetu wa bahari, mistari ya kuinama kwake, miaka kumi na sita, na namba mbaya naijua kama mpishi anavyojua kuwa wali umeshika chini kabla hajafunua sufuria.

Jina langu Mwanatumu Shemhina. Ofisini wananiita Bi Mwanatumu, na siku wasiyonipenda wananiita Bi Nukta. Yote mawili naitika.

Kwenye kioo mbele yangu palikuwa na mistari ishirini na minne, mstari mmoja kwa kila kituo cha Ukuta. Ishirini na mitatu ilikuwa imetulia. Wa kituo cha kumi na moja ulikuwa umezama ghafla, kana kwamba Ukuta mahali pale umeamua kuinamia baharini kwa siku moja zaidi kuliko ulivyoinama mwezi mzima. Mchora, ile programu yetu, haijali upande. Ukiinamia mji au ukiinamia bahari, kasi ni kasi, na kasi ikizidi honi inalia.

Nilifungua dirisha nikatazama Mtaa wa Chini. Nyumba elfu moja zimejibanza nyuma ya Ukuta, chini ya usawa wa bahari kwa kimo cha watu wawili, na ndani yake wanaishi watu elfu nne. Hakuna aliyekuwa anakimbia. Mwanamke mmoja alikuwa anaanika nguo, akainua uso kuelekea honi, akasonya, akaendelea kuanika. Ilikuwa honi ya tatu msimu ule. Mara mbili za kwanza walikimbia na wazee wao migongoni, wakakaa juani hadi alasiri, wasione kitu. Mimi sheria naijua vizuri: ya nne katika msimu mmoja huhesabiwa nyekundu. Na nyekundu haina mjadala. Baada ya nusu saa milango ya maji hufunguka yenyewe, bahari inaingizwa Mtaa wa Chini ili maji yasimame pande zote mbili za Ukuta, usije ukaanguka na kuuzamisha mji wote wa Tanga. Mtu anayeisonya honi, nusu saa itamkuta bado anaanika.

Wageni huniuliza kwa nini mji wenye ukuta wa tumbawe hai, ukuta unaolishwa chokaa na kukua wenyewe kimo cha kidole kila mwaka, unapimwa na watu wazima wanaochungulia visimani. Nawajibu kwamba mashine tulizijaribu. Zilipokosa kusoma zilijaza namba za kukisia, namba nzuri zisizo na shaka, na kipande cha kituo cha pili kikaanguka huku mchoro ukiwa shwari. Watu mia mbili na kumi na wawili walikufa. Tangu hapo tuna sheria mbili. Nukta ni jicho la mtu, na uzi, ule mstari wa mchoro, upite juu ya kila nukta.

Ndiyo maana kila siku saa saba kamili mchana wasoma timazi ishirini na wanne huteremka kwenye visima vilivyomo ndani ya Ukuta. Kila mmoja husoma timazi, kamba yenye uzito mwishoni inayoning'inia kisimani mwake, huandika Ukuta umeinama kiasi gani, kisha hutia dole gumba kwenye kadi; hiyo ndiyo nukta. Majina yao yamechongwa kwenye lango la mji, na watoto wetu wanayajua kuliko majina ya mawaziri. Jina la kituo cha kumi na moja ni Hatibu Shemhina. Huyo ni baba mdogo wangu. Baba yangu alipofariki nikiwa na miaka sita, yeye ndiye aliyenilea, akanifundisha kusoma timazi kabla sijasoma vitabu. Ana miaka thelathini na moja kazini na hajakosa nukta hata moja, hata siku aliyomzika mkewe.

*

Injinia Gilbert Mkangara, msimamizi wetu, si mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu mtamwona anataka jambo baya. Mama mkwe wake anakaa Mtaa wa Chini, na honi ilipolia mama yule alikataa kutoka, akasema magoti yake hayawezi kupelekwa juani kila wiki mbili kwa ajili ya mchezo wa ofisi.

Alinijia Jumamosi asubuhi na kitabu cha sheria kwapani. Alikuwa hajalala, ilionekana. Akasema amehesabu, na Ijumaa ya bamvua ijayo, ya maji makubwa, siku kumi na tatu kutoka leo, mstari wa kumi na moja utazama tena, nayo itakuwa ya nne. Nikamwambia nami nimehesabu. Akafungua kitabu mahali alipokunja ukurasa.

"Sheria inasema uzi upite kila nukta," alisema. "Haisemi kitu juu ya mchoro wa kasi. Uache uzi ulivyo, Bi Mwanatumu. Lainisha kasi peke yake."

Naomba mnivumilie kidogo hapa, maana bila hili hamtauona ubaya wa ombi lake. Nukta ni za siku kwa siku, na baina ya nukta na nukta hatujui kitu. Mchora hupitisha uzi juu yake, kama fundi anavyopinda ufito baina ya misumari: unagusa kila msumari, na katikati unajipinda kwa ulaini wake wenyewe. Kwa macho uzi ule ni mzuri, hauna kona. Lakini mji haulindwi na uzi. Unalindwa na kasi, yaani uzi unapanda au kushuka kwa ukali gani, na kasi haisamehe. Msumari mmoja ukikaa pembeni kwa unene wa unywele, ufito unajipinda kidogo na hakuna anayeona. Ukiuliza kasi, unywele ule umekuwa kamba. Mchoro unapanda na kushuka kama meno ya msumeno, na honi haijui jino la kweli na jino la unywele.

Sasa, Mchora ina mshale wa kulainisha, kuanzia sifuri hadi mia. Kwenye sifuri nukta zote zinaguswa. Ukiusogeza, hesabu inaanza kupita karibu na nukta badala ya juu yake, meno yanapungua, mchoro unatulia. Mbele ya Injinia niliusogeza hadi arobaini, ili tuone. Meno yote ya kituo cha kumi na moja yalilala. Ulikuwa mchoro mzuri kuliko wowote niliowahi kuuona kwenye kioo kile, na nilikasirika kama mtu aliyepakwa hina na mgeni bila kuulizwa.

Nilimweleza Injinia ninachokijua. Kulainisha ni kuuliza habari ya leo kwa kusikiliza wiki nne zilizopita. Ukuta ukianza kwenda kweli leo asubuhi, mchoro laini utatwambia baada ya siku kumi, kwa upole, kama mtu anayeleta habari ya msiba. Akajibu kwamba siku kumi za kuchelewa, kwa jambo ambalo huenda halipo, ni afadhali kuliko kuwazamisha watu elfu nne kwa jambo ambalo hakika halipo. Hakukosea kuhesabu. Ndilo lililoniudhi.

"Mimi si fundi wa vipodozi," nikamwambia. "Nipe muda nilitafute jino linatoka wapi."

Akanipa hadi Alhamisi ya kuelekea bamvua. Siku hiyo jioni, alisema, atausogeza mshale kwa mkono wake.

*

Jino nililipata Jumapili, kabla chai haijapoa.

Nilichora kasi ya kituo cha kumi na moja kwa mwaka mzima, mshale ukiwa sifuri, nikazipaka siku saba za wiki rangi saba. Meno yote yalikuwa na rangi moja. Yote yalikuwa Ijumaa. Na hayakuwa sawa: Ijumaa moja nukta ilizama sana, Ijumaa ya pili ilipanda kidogo, tena ilizama, tena ilipanda. Niliyalaza majedwali ya maji kupwa na kujaa juu ya mchoro, nikaweka kikombe chini, nikashika kichwa.

Ukuta unasukumwa na maji. Maji yakijaa unainama kidogo kuelekea mji, yakipwa unarudi. Kwa hiyo Mchora, ikipokea nukta ya saa saba, hutoa kwanza sukumo la maji ya saa saba, ili kubaki na mwinamo wa Ukuta wenyewe. Msimu ule, Ijumaa za bamvua maji yalikuwa yanapanda baina ya saa tano na saa saba. Ijumaa za maji mafu, yasiyo na nguvu, yalikuwa yanashuka, tena kidogo. Zama sana, panda kidogo. Mtu akisoma timazi saa tano na kadi ikasema saa saba, ndicho kitu hasa kitakachotokea.

Na mtu huyo nilimjua. Ijumaa saa saba hayumo kisimani. Yumo msikitini, safu ya kwanza, kama alivyokuwa Ijumaa zote za utoto wangu. Kadi ya ofisi haikubali saa nyingine ila saa saba. Waliotunga kanuni hawakufikiria. Na baba mdogo si mtu wa kukosa swala, wala si mtu wa kukosa nukta. Basi alisoma saa tano, akaandika alichokiona, akatia dole, kadi ikaituma saa saba yenyewe. Hakubuni. Alisoma kweli, akaiweka kweli ile kwenye saa isiyo yake. Kosa hili asingelifanya mvivu wala mwongo. Linataka mcha Mungu mwenye kuipenda kazi.

Kwa majaribio niliisogeza kila Ijumaa nyuma saa mbili. Meno yakatoka yote, mshale wa kulainisha ukiwa palepale kwenye sifuri. Kasi ilibaki safi kama kioo kilichofutwa, na chini ya yale meno, mahali ambapo mwaka mzima hakuna aliyeweza kuona, kulikuwa na kitu.

Kasi ilikuwa inapanda. Si kwa kuruka. Kidogo kidogo, kila siku zaidi ya jana, tangu masika. Hapo nikaelewa pia kwa nini makosa ya miaka thelathini yalikuwa hayajawahi kupiga honi. Ukuta mgumu hauitiki maji, saa mbili huku au huku hazina neno. Kituo cha kumi na moja msingi ulikuwa umelegea, Ukuta ukawa unaitika kila wimbi, na kosa la zamani likakua meno kwa sababu Ukuta wenyewe ulikuwa mgonjwa. Honi ilidanganya siku. Ugonjwa haikuudanganya. Nilihesabu mara tatu: mwezi mmoja, halafu mstari mwekundu wa kweli.

Mngedhani nilikimbia kwa Injinia siku hiyohiyo. Sikukimbia. Nukta iliyotiwa dole haiguswi na mtu yeyote ila mwenye dole, tena mbele ya Baraza la Timazi, kwa kinywa chake. Na msoma timazi akisema kwamba nukta yake haikuwa sawa, anaachishwa kazi na jina lake linafutwa langoni. Ndiyo sheria. Nilikuwa naipenda sana sheria ile mpaka ilipofika nyumbani kwetu.

Nikaanza kujipa kazi. Nikahakiki majedwali ya maji ya miaka kumi. Nikahakiki tena. Nikajiambia huenda bamvua ijayo haitakuwa kubwa. Nikafikiria ule mshale, nikafikiria arobaini, nikaona labda thelathini ingetosha, ishirini na tano, na baba mdogo afe na jina lake. Ndiyo, niliyafikiria hayo, mimi ninayejiita fundi. Siku kumi zilipita hivyo.

*

Jumatano saa tano unusu nilimkuta kituo cha kumi na moja anapangusa ngazi za kisima, kazi ambayo si yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza mbona nimekonda. Nilitandaza mchoro juu ya benchi lake.

Baba mdogo anasoma mikunjo kuliko mainjinia wengi. Alivaa miwani, akafuata mstari kwa ukucha, jino hadi jino, akihesabu kwa midomo.

"Ijumaa," alisema.

"Ijumaa, baba mdogo."

Hakukana. Lakini alikasirika, na hasira yake ni ya kimya, inaanzia masikioni. Akaniuliza ni nani aliyenishika mkono kunionyesha timazi, na kama katika miaka yote nimewahi kumwona akiandika asichokiona. Nikasema sijawahi. Nikasema nukta zake ni za kweli zote, saa ndiyo si ya kweli. Alikaa chini. Nilitamani ardhi inifunike, kwa sababu niliona anapitisha Ijumaa zake moja moja.

Kisha akauliza swali ambalo mimi nilihitaji miaka kumi na sita kujifunza kuliuliza. Hakuuliza juu ya jina lake.

"Ukiyatoa meno, chini yake kuna nini?"

Nikamwonyesha mchoro wa pili. Akautazama, akaweka kiganja juu ya tumbawe la ukuta wa kisima kama anavyopimwa mtoto mwenye homa. Akauliza siku ngapi. Nikamwambia ishirini.

"Uligundua lini?"

Ningeweza kumwambia jana. "Siku kumi zilizopita," nikasema.

Alivua miwani akanitazama vizuri. "Basi tumekosea wote wawili, Tumu. Mimi saa mbili, wewe siku kumi."

Nililia, sioni haya kusema. Nilikuwa nimemsuta Injinia kwamba kulainisha kutachelewesha habari siku kumi, na mshale wa kulainisha nikawa mimi. Bado nilimwambia kuhusu ule mshale. Nilimwambia kwamba ipo njia, kesho jioni Injinia atausogeza, hakuna atakayejua, jina litabaki. Nilitaka achague yeye, na kusema kweli nilikuwa sijui natamani achague nini.

Aliinuka akakunja kitambaa chake cha kupangusia. "Mficha maradhi," alisema, hakumaliza. Akaniuliza Baraza linakaa saa ngapi.

*

Baraza la Timazi hukaa Alhamisi katika ukumbi wa juu ya lango. Mwenyekiti ni Bi Perpetua Mhando wa kituo cha tisa, mama wa miaka sabini anayesoma timazi bila miwani na kukumbusha watu jambo hilo kila anapopata nafasi. Injinia Mkangara alikaa nyuma, akiwa na saa yake mkononi. Mimi nilikaa kwenye meza ya mchora mkunjo, pembeni, mahali pangu.

Baba mdogo alisimama akiwa na kanzu yake ya Ijumaa, ingawa ilikuwa Alhamisi.

"Mimi Hatibu Shemhina, msoma timazi wa kituo cha kumi na moja," alisema. "Ijumaa zangu za miaka thelathini na moja, nukta elfu moja mia sita na kumi na mbili, nilizisoma saa tano zikaingia kama za saa saba. Nilichokiona ndicho nilichokiandika. Lakini saa ile haikuwa yake. Naomba kila moja irudishwe mahali pake, kwa sababu Ukuta wangu unaumwa na Ijumaa zangu zimemficha mgonjwa."

Bi Perpetua alimkumbusha sheria inasemaje kuhusu jina. Akajibu kwamba anaijua, babu yake alikuwa mmoja wa walioitunga. Karani akamletea kadi atie dole moja kwa nukta zote, yaishe. Akakataa. Akataka mwaka kwa mwaka. Alitia dole mara thelathini na moja, na kila mara aliusoma mwaka kwa sauti. Nilikuwa nimeogopa kwamba nitaona aibu siku ile. Niliona fahari hadi nikashindwa kuandika. Nilitaka kusimama niwaambie wote kwamba huyu ndiye aliyenilea.

Alipomaliza, Bi Perpetua hakufunga kikao. Alikuna kichwa chini ya kilemba, akasema kwamba na yeye pia Jumapili kanisani kwake ibada ya pili hutoka saa saba unusu, na mhubiri wao hana breki. Nukta za Jumapili za kituo cha tisa, alisema, zihesabiwe za saa nne, kabla ya ibada. Akaomba kadi. Baada yake akasimama kituo cha nne. Halafu cha kumi na saba. Mbali na baba mdogo walikuwa tisa jumla, wa Ijumaa, wa Jumapili, na mmoja wa siku za gulio. Katika vituo vyao Ukuta ulikuwa bado mgumu, makosa yao yasingeonekana labda kwa miaka mingine hamsini, na wangeweza kukaa kimya. Wawili watatu nawajua walikaa kimya. Na wao wanajijua.

Jioni ile nilichora upya. Mshale ulikuwa sifuri, uzi ulipita juu ya kila nukta kwenye saa yake, na kasi ilikuwa laini bila mtu kuilainisha. Siku kumi na tisa. Injinia Mkangara aliutazama mchoro kwa dakika nzima, akakifunga kitabu chake cha sheria, akasema maisha yake yote alidhani ulaini ni kitu cha kuongeza. Akatia sahihi chini ya yangu.

*

Ijumaa ya bamvua, mrithi wa baba mdogo alikuwa bado hajaapishwa, kwa hiyo nukta ilikuwa yake. Alimwuliza imamu, imamu akamwambia mwenye kulinda roho za watu ana udhuru wake. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja alikuwa kisimani saa saba kamili ya Ijumaa. Nukta yake ilitua pale uzi ulipokuwa unaielekea. Saa saba na dakika nne ikapita, na tano, na kumi. Honi haikulia.

Nilichukua mchoro nikateremka Mtaa wa Chini kwa miguu. Hakuna sheria inayomtaka mchora mkunjo afanye hivyo, lakini watu wa mtaa ule walikwisha kudanganywa na honi mara tatu, na sikutaka mara ya nne waambiwe na honi. Nilimkuta yule mwanamke wa kuanika nguo. Anaitwa Bi Sikudhani. Nilimwambia kwamba baada ya siku kumi na nane milango ya maji itafunguliwa, na safari hii ni kweli. Majirani wakakusanyika. Akaniuliza, bila hasira, kwa nini aiamini namba hii na si zile nyingine.

Nikawaambia yote. Niliwaambia saa tano na saa saba, na maji, na nani alisoma na kwa nini. Niliwaambia zile siku kumi zilikuwa zangu, na kwamba zilikuwa zao kabla sijazila. Bi Sikudhani alinisikiliza mpaka mwisho, akautazama mchoro ambao sidhani aliuelewa. Kisha akageuka akawaambia wanawe waanze kufungua kitanda.

Mtaa wa Chini ulihama kwa siku kumi na saba. Watu elfu nne walitoka na milango yao, mabati yao, majiko yao, kuta tupu na makaburi tu ndiyo yaliyobaki. Mama mkwe wa Injinia alipandishwa juu ya mkokoteni na aliulalamikia hadi mwisho wa safari. Siku ya kumi na nane honi nyekundu ililia, milango ikafunguka, na bahari ikaingia katika nyumba zisizo na mtu. Ukuta umesimama hadi leo.

Jina la baba mdogo lilifutwa Jumamosi baada ya ile bamvua, pamoja na mengine tisa. Sheria inataka patasi ishikwe na mchora mkunjo. Injinia alijitolea anishikie, nikamkatalia. Baba mdogo alisimama nyuma yangu muda wote akiangalia kazi, na nilipofika mwisho aliniambia nisiache mkia wa herufi, nikwangue vizuri, watu wasije wakasema tumependeleana. Nikakwangua hadi jiwe likawa jeupe.

Sasa pale langoni hapasomeki kitu. Lakini nukta zake elfu kumi na moja na mia tatu na ushei ziko zote kwenye mkunjo, kila moja kwenye saa yake, na uzi unapita juu ya kila moja.